TV ya inchi 55 na ukuta wa matumbawe: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mikindani

Familia moja ya Mikindani, ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, ilinunua TV ya flati ya inchi 55, kisha ikahangaika kwa miezi mingi kutafuta pa kuiweka. Niliitwa katikati ya mahangaiko hayo, baada ya stendi ya kwanza kuharibika na kabla ukuta haujatobolewa. Majina, mtaa na chochote kinachoweza kuwatambulisha nimekiondoa kwa makubaliano nao. Vipimo nimeviacha kama futikamba ilivyosoma, maana somo lenyewe limo humo.

Nakiandika kwa sababu kila mwaka malipo ya korosho yakishaingia naona nyumba nyingine zikipita njia hiyo hiyo. Kuna hatua moja kwenye njia hiyo inayoweza kumuua mtoto.

Nyumba na watu wake

Nyumba ni ya zamani, ya aina ambayo anayepita Mikindani huiona mara moja: kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa, nene karibu nusu mita. Miaka ya karibuni zilipigwa lipu ya saruji ili zionekane mpya. Sebule ina mita 3.6 kwa 4.2. Ukuta mrefu unaotazamana na makochi ndio pekee usio na mlango wala dirisha, kwa hiyo hapakuwa na mjadala kuhusu upande wa kuweka TV. Ila ukuta huo huo, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, hutoa unga mweupe wa chumvi. Mvua zikianza, unga huongezeka na lipu hubanduka vipande vipande. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, ukabaki umejibana nyuma ya lipu.

Ndani wanaishi baba, ambaye ni mwalimu na ana shamba la mikorosho, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Siku za mpira huongezeka watoto wa jirani, na wote hao hukaa chini kwenye mkeka. Jambo hili la mkeka lilikuja kuamua kimo cha kabati.

Kabla ya hapo walikuwa na TV ya chogo ya inchi 21, iliyokaa ndani ya shokesi ya mninga ya bibi. Shokesi ile ilitengenezwa kwa mahitaji ya wakati wake: tundu la TV lina upana wa sentimita 70 na kina cha 55, kwa kuwa TV ya chogo hudai nafasi ya kwenda nyuma. Flati inadai kinyume chake. Haina mgongo wa kutajika, ila imetanuka kwenda kulia na kushoto kuliko samani nyingi zilizokuwa zikitengenezwa wakati ule.

TV yenyewe kwa vipimo

Inchi za TV hupimwa kwenye kioo kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Inchi 55 ni sentimita 140 kwa mshazari. Hicho si kipimo cha kununulia samani. TV hii, fremu ikiwemo, ina upana wa sentimita 123 na kimo cha 71. Miguu huiinua sentimita 7 zaidi. Uzito wake ni kama kilo 15, mwepesi kuliko chogo la zamani, na wepesi huo ni sehemu ya hatari: mtoto anaweza kuivuta.

Kipimo kilichokosewa tangu mwanzo ni cha miguu. TV haikuwa na shina moja la katikati. Ilikuwa na miguu miwili iliyotanuka, mmoja kila pembe, na kutoka ncha ya nje ya mguu mmoja hadi ncha ya nje ya mwingine ni sentimita 104. Kila mguu ulikuwa na urefu wa 25 kutoka mbele kwenda nyuma. Baadhi ya TV huwa na matundu ya ziada upande wa chini, unaweza kuisogeza miguu karibu na katikati. Hii haikuwa nayo.

Yaliyotokea

Mnada wa korosho huanza Oktoba, na Novemba pesa za mwalimu zilikuwa zimeshaingia benki. TV ikanunuliwa siku hizo hizo. Ilipofika nyumbani usiku, ndipo ilipogundulika kwamba tundu la shokesi haliichukui hata nusu, na meza ya katikati ya sebule ina urefu wa sentimita 90. Wakalaza ubao wa futi tano juu ya stuli mbili, wakaiweka TV juu yake. "Kwa leo tu," mwalimu alisema. Ikakaa hapo zaidi ya wiki.

Alasiri moja katuni zilikuwa zinaonyeshwa. Mtoto mdogo alisogea hadi kwenye kioo, akashika ukingo wa chini kwa mikono yote miwili ili amguse mnyama aliyekuwa akicheza. TV ikainama mbele. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango anapepeta mchele. Aliutupa ungo, akaidaka TV kwa viganja viwili huku goti moja likiwa chini. Mchele ulitapakaa hadi barazani. Mtoto hakuumia. Mama ndiye aliyenisimulia, na alipofika hapo alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Siku iliyofuata mwalimu alikwenda mjini kununua stendi. Alimwambia muuzaji, "Nataka ya inchi 55," akapewa yenye karatasi iliyoandikwa kwamba inafaa TV hadi inchi 55. Ilikuwa ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, iliyovikwa ngozi ya plastiki ya rangi ya kahawia iliyokoza, milango miwili ya kioo, urefu wa sentimita 110, kina 32, kimo 40. Haikuwa na miguu. Ilikaa bapa sakafuni.

TV ilikaa juu yake, ndiyo. Lakini toa 104 kwenye 110: kila mguu ulibakiwa na sentimita 3 tu hadi ukingoni, na kona za stendi zilikuwa zimeviringwa. Rafu ya kati walipanga sabufa na kisimbuzi, wakafunga milango ya kioo.

Desemba mvua zikaanza. Mama hudeki sebule kila asubuhi, kama nyumba nyingi za pwani, na maji ya kudekia yaliingia chini ya stendi ile isiyo na miguu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta unaotoa chumvi. Kufikia Februari nilipoitwa, kingo za chini zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowa, ngozi ya plastiki imeachia, mlango wa kushoto haufungi. Rafu iliyobeba sabufa ilikuwa imebonyea katikati. Niliweka pima maji juu yake na penseli niliyoisukumia kwenye mwanya ikapita bila kugusa. Kisimbuzi kilikuwa kinajizima na kujiwasha chenyewe kwa joto. Kutumia rimoti ilibidi kufungua mlango wa kioo, kwa sababu nao ulikuwa na rangi nzito.

Mwalimu hakuniita kwa ajili ya stendi. Alikuwa ameshanunua bano la chuma la kuning'inizia TV ukutani na alitaka nimwambie wapi atoboe.

Njia tatu zilizokuwa mezani

Ukuta ulikuwa wa kwanza. Tulijaribu tundu moja, mahali ambapo lingefichwa na TV. Keekee ilipita kwenye lipu ya saruji sentimita 2 hivi, kisha ikaanza kutoa unga wa chokaa laini kabisa, kisha ikagonga jiwe gumu na kuteleza pembeni, kisha ikazama ghafla kwenye uwazi kati ya mawe. Tulipoingiza plagi ya plastiki na skrubu, niliweza kuizungusha plagi kwa vidole. Bano la ukutani halibebi uzito wa kwenda chini peke yake. TV inauvuta upande wa juu wa bano utoke ukutani, na ukiwa na bano la mkono unaonyoosheka, mvuto huo unaongezeka sana. Plagi inayozunguka kwa vidole haifai kubeba chochote juu ya kichwa cha mtoto.

Niseme hapa ili nisieleweke vibaya: kwenye nyumba ya matofali ya saruji yaliyoshiba, kuning'iniza ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza kwa mwenye watoto wadogo. Hata kwenye matumbawe inawezekana, kwa kupitisha bolti ndefu hadi upande wa pili wa ukuta au kusimamisha fremu ya mbao kutoka sakafuni. Ila ukuta huu ulikuwa unatoa chumvi, na chuma kilichozikwa humo kingeoza pasipo mtu kukiona.

Njia ya pili ilitoka kwa mwalimu: kuikata shokesi ya bibi, kuondoa nguzo ya katikati ili tundu litanuke. Bibi alikuwa amekaa kimya muda wote. Akasema, "Mwanangu, hilo kabati halikatwi." Mwalimu akajibu, "Sawa, mama," na habari ikaishia hapo. Nilikubaliana na bibi kwa sababu za kiseremala pia. Nguzo ile ndiyo iliyobeba sehemu ya juu yote, yenye vyombo vya kauri. Na hata kama ingekatika salama, kina cha 55 kingeisukuma TV mbele sana au kuizamisha ndani kama pango, ambamo joto halitoki.

Ikabaki njia ya tatu, kabati jipya la fundi seremala.

Kwa nini tulisubiri hadi kiangazi

Mama alitaka kabati mwezi ule ule, na nilimwelewa. Lakini fundi wa mtaani, mzee ambaye mikono yake imepitia milango mingi ya Mikindani, alimwambia mwalimu waziwazi: "Mwalimu, mbao zilizopo sasa zote mbichi. Ukitaka nikupe mwezi huu nitakupa, lakini Agosti utanirudia." Ningependa kila fundi aseme hivyo.

Kusini mwa Tanzania mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Malipo ya korosho huja Oktoba hadi mwanzo wa mvua. Kwa hiyo pesa za samani zinapatikana wakati hasa ambapo mbao hazikauki, na mafundi wana oda nyingi kuliko uwezo wao. Mbao inayoundwa ikiwa mbichi hunywea kiangazi kikifika: viungo vinaachia, ubao wa juu unajipinda, milango inaacha nyufa. Watu humlaumu fundi, wakati mara nyingi kosa ni la mwezi.

Fundi alinunua mninga na kuupanga kivulini, ubao juu ya ubao, vijiti vikiutenganisha ili hewa ipite. Kupima kama umekauka alitumia njia isiyohitaji kifaa: alikata kipande kidogo, akakipima kwenye mzani wa duka la jirani, akakiacha ndani ya nyumba, akakipima tena baada ya siku kadhaa. Uzito ulipoacha kupungua, akaanza kazi. Ilikuwa Julai.

Kuhusu mbao yenyewe, mninga haukuchaguliwa kwa fahari. Ni katika miti ambayo ikishakauka haitanuki wala kunywea sana, na hilo ni jambo kubwa kwenye nyumba ya ufukweni. Kiini chake cha kahawia huwashinda mchwa kwa muda mrefu. Sehemu nyeupe ya nje haina nguvu hiyo. Wadudu hutoboa humo na kuacha unga. Kwa hiyo nilimwomba mwalimu aende mwenyewe karakana kabla ya kupigwa vanishi, akague mbao zote, na ubao wenye ukanda mweupe usitumike hata mahali pa kujificha. Vanishi yenye rangi ikishapigwa, nyeupe na kahawia ni vigumu kutofautisha. Aliomba pia kuona risiti ya mbao na hati ya usafirishaji ya Wakala wa Huduma za Misitu, maana mninga unakatwa ovyo na anayenunua bila kuuliza anachangia. Mzee alizitoa bila kinyongo. Neno moja kwa mafundi: vumbi la mninga huchokoza pua na kifua, na kwa wengine huleta pumu. Barakoa ivaliwe.

Kwa miezi ile ya kusubiri hatukuiacha TV hivi hivi. Stendi ya MDF iliinuliwa kwa vipande vya tofali isiguse maji. Sabufa ikashushwa sakafuni upande wa makochi. TV ikafungwa kwa mkanda hadi kwenye fremu ya stendi. Haikupendeza kwa macho, ila mtoto alikuwa salama zaidi kuliko awali.

Kabati lilivyopangwa

Urefu: sentimita 150. Miguu ya TV inachukua 104, inabaki 23 kila upande. Nafasi hiyo inamkinga anayepita asigonge pembe ya TV kwa bega, kwa kuwa TV yenyewe ina 123 na haichomozi nje ya kabati.

Kina: 45. Miguu ya TV ina 25, na nilitaka isimame kuelekea nyuma, ukingo wa mbele ubaki mpana. TV ikisogezwa na mtu anayefuta vumbi, isiwe karibu na kuanguka.

Kimo ndicho kilicholeta mazungumzo marefu kuliko yote. Kanuni inayotajwa ni kwamba katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya aliyeketi. Kwa makochi yao, macho ya mtu mzima yalikuwa kama sentimita 105 kutoka sakafuni. Katikati ya kioo cha TV hii iko sentimita 42 juu ya kabati: 7 za miguu na nusu ya 71. Kwa hesabu hiyo kabati lingekuwa na kimo cha 63. Lakini nilipokaa kwenye mkeka pamoja na watoto na kupima, macho yao yalikuwa kati ya 60 na 75. Wao ndio watazamaji wakuu. Mtu akiinua shingo saa mbili za mpira ataumwa. Akishusha macho kidogo haumwi. Tukaafikiana 52, ambayo inaweka katikati ya kioo kwenye 94. Anayekaa kwenye kochi anashusha macho kidogo, wa kwenye mkeka anainua kidogo.

Umbali kutoka kochi hadi kioo ni mita 2.7. Kwa inchi 55, kati ya mita 2 na 3 na nusu panafaa, kwa hiyo hapo hatukugusa kitu.

Mama alitaka droo tatu za mbele za kuwekea vitambaa na madaftari. Nilipinga. Droo zikivutwa huwa ngazi. Mtoto anapanda ya chini, uzito wake unalivuta kabati mbele, TV inamfuata. Alikubali milango miwili na droo moja nyembamba ya juu yenye kufuli. Pia tulikubaliana kwamba rimoti na vitu vya kuchezea visiwekwe kamwe mbele ya TV juu ya kabati, maana mtoto hupanda kufuata kitu anachokiona.

Miguu ya kabati ni ya sentimita 12, ili kudeki kuwe rahisi na maji yakauke. Nyuma limeachwa wazi, na limesogezwa sentimita 6 kutoka ukutani. Milango ni ya vipande vya mbao vilivyoachiana nafasi ya kidole, kama madirisha ya zamani ya pwani, ili joto la kisimbuzi litoke na mwanga wa rimoti upenye. Ubao wa juu una unene wa sentimita 3, na kuna mguu wa tano katikati.

Nyuma, chini ya ubao wa juu, fundi alifunga papi nene ya mninga kwa skrubu. Papi hiyo ndiyo iliyopokea mikanda miwili kutoka kwenye matundu manne ya mgongoni mwa TV, yale yale ambayo bano la ukutani lingetumia. Kwenye TV hii matundu hayo yameachana milimita 300 kwa 200. Skrubu za matundu hayo zisiwe ndefu kuliko kina cha tundu. Zikipita zinagusa vitu vya ndani.

Gharama ilikuwa karibu mara mbili ya stendi ya dukani, na mwalimu alilalamika. Alikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa alikuwa ameshalipia stendi na bano.

Matokeo baada ya mvua moja

Nilirudi Machi, mvua zikiwa zimekolea. Ubao wa juu ulikuwa umenyooka. Pima maji ilitulia katikati. Miguu ilikuwa mikavu. Kisimbuzi hakikuwa kinajizima tena. Mbele ya familia nzima niliishika TV juu na kuivuta kwa nguvu kuelekea kwangu. Iliinama upana wa kidole, mikanda ikakaza, ikasimama. Kabati halikutikisika.

Kulikuwa na kasoro pia. Januari milango ilibana ikawa haifunguki, kwa sababu fundi aliiacha karibu mno na fremu wakati wa kiangazi. Ilibidi ipigwe randa. Tundu la waya lilikuwa la sentimita 3, na plagi ya pini tatu haipiti hapo. Mwalimu alikuwa amekata plagi na kuifunga upya kwa ndani, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Tundu likapanuliwa hadi 6. Na bawaba za chuma za kawaida zilikuwa zimeanza kutoa madoa ya kutu kwenye mbao. Upepo wa bahari Mikindani hauna subira. Zimebadilishwa, zikawekwa za chuma kisichoshika kutu.

Nini kilifanya kazi, nini kilishindwa

Kosa lililozaa mengine yote ni kununua samani kwa inchi. Karatasi ya stendi ilisema inchi 55 na haikudanganya kwa maana yake. TV za inchi 55 zenye shina moja la katikati zingekaa pale bila tatizo. Anayechagua stendi anapaswa kujua vipimo vinne: umbali kati ya ncha za nje za miguu, kina cha mguu, upana wa TV nzima, na kimo kutoka chini ya mguu hadi katikati ya kioo. Vyote vinapatikana dukani kabla ya kulipa, boksi likifunguliwa. Muuzaji anayekataa kufungua boksi la TV ya bei hiyo, nenda kwa mwingine.

Lililofanya kazi kuliko yote ni mkanda. Ni kitu cha bei ndogo mno katika kisa kizima na ndicho pekee kinachomkinga mtoto moja kwa moja. Ungefungwa usiku ule wa kwanza, hata kwenye ubao wa stuli, kwa kamba tu hadi kwenye kitu kizito kilicho karibu, ile alasiri ya mchele isingetokea. Mkanda nao una sharti: kitu unachofungiwa kiwe kizito na kipana. Kuifunga TV kwenye stendi nyepesi yenye kina cha 32 kunasaidia kiasi, ila vyote viwili vinaweza kuanguka pamoja. Kabati la sasa lina kilo 40 hivi likiwa tupu.

MDF wengi waliosikia habari hii wameihukumu vibaya kupita kiasi. Kwenye nyumba kavu, ikiwa na miguu, kingo zikiwa zimezibwa vizuri na kitu kizito kisipowekwa katikati ya rafu ndefu, hudumu miaka. Iliyoangusha stendi hii ni maji ya kudeki yaliyoingia kwenye ukingo usiozibwa, na sabufa. Rafu ikirefushwa mara mbili, mzigo ule ule ukiwa katikati huipinda mara 8. Unene ukiongezwa mara mbili, kupinda kunapungua mara 8. Kwa hiyo mwenye stendi kama ile, kabla hajaitupa, aweke kiguu kimoja cha mbao chini ya katikati ya rafu na kuinua kabati zima sakafuni. Hiyo ni kazi ya saa moja.

Uamuzi wa kusubiri mbao zikauke ulikuwa mgumu kwa familia, na naona ulikuwa sahihi, ila uliwezekana kwa sababu TV ilikuwa imeshafungwa mkanda. Bila hivyo ningeshauri stendi yoyote imara ya haraka, hata ya chuma cha kuchomelea. Usalama wa mtoto hausubiri Julai. Mwenye nafasi ya kupanga mapema angeagiza kabati Agosti au Septemba kwa malipo ya awali, mbao zikiwa kavu na fundi ana muda, kisha TV ije ikute pake pameandaliwa. Walau afanye vipimo kwanza.

Lililobaki bila kutatuliwa ni ukuta. Kabati limekaa sentimita 6 mbele yake na linapumua, lakini lipu ya saruji inaendelea kumwaga chumvi sakafuni nyuma ya miguu. Mwalimu amekubaliana na fundi mwashi kwamba kiangazi kijacho lipu itabanduliwa hadi usawa wa kiuno na kupigwa upya kwa chokaa. Siku hiyo TV itashushwa kwanza na kusimamishwa wima kwenye kona ya chumba cha bibi, ikiwa imeegemezwa godoro, kisha watu wanne walibebe kabati.